Nyumba njema si mlango: Siri ya ukoo wa viumbe wadogo wa baharini

LITA moja ya maji ya bahari iliyochotwa karibu na pwani huonekana kuwa maji matupu. Ukweli ni kwamba ndani yake aghalabu huwamo maelfu ya viumbe wa seli moja waitwao siliati, ambao macho ya binadamu hayawezi kuwaona pasipo hadubini.

Viumbe hawa huelea pamoja na planktoni, ile jamii kubwa ya vijimea na vijidudu vinavyochukuliwa na mikondo ya bahari. Wengi wao wana urefu wa kati ya mikroni 20 na 200, na mikroni moja ni sehemu ya elfu moja ya milimita.

Licha ya udogo wao, siliati wamewasumbua wataalamu wa biolojia kwa zaidi ya karne mbili. Swali lenyewe ni rahisi kuuliza ila ni gumu kujibu: nani ni ndugu ya nani? Kwa muda mrefu jibu lilitafutwa katika maumbo ya nje. Siku hizi linatafutwa ndani ya seli yenyewe na katika jeni zake, na mara kadhaa limewalazimu wanasayansi kufuta walichokuwa wamekiandika.

Swali hilo si la wasomi peke yao. Siliati ni kiungo muhimu katika chakula cha samaki, na baadhi ya jamaa zao wa nasaba ndio wanaoleta malaria kwa binadamu na ndigana kwa ng'ombe.

SELI MOJA, KAZI NYINGI

Siliati hupata jina lao kutokana na silia, yaani vijinywele vilivyopangwa kwa safu juu ya mwili. Vijinywele hivyo hupiga maji kama makasia. Ndivyo vinavyomwezesha kiumbe huyu kuogelea, na ndivyo vinavyovuta chakula kuelekea kinywani.

Mwili wake wote ni seli moja tu. Hana tumbo, hana ubongo wala moyo. Hata hivyo, seli hiyo ina mahali maalumu pa kumezea chakula, vifuko vya kukimeng'enya, na kwa baadhi yao hata silaha ndogo zinazofyatuliwa kutoka chini ya ngozi.

Wengi wa siliati wanaoelea baharini hula vijimea na vijidudu vyenye ukubwa wa takriban mikroni mbili hadi 20. Chakula hicho ni kidogo mno kiasi kwamba vijikamba vya planktoni viitwavyo kopepodi haviwezi kukinasa vyema. Siliati hukila, kisha wao wenyewe huliwa na kopepodi na viluwiluwi vya samaki. Kwa njia hiyo, nguvu ya jua iliyohifadhiwa na vijimea vidogo kabisa hupanda ngazi hadi kumfikia samaki anayeishia katika sufuria.

Makadirio yaliyofanywa katika bahari mbalimbali za dunia yanaonyesha kwamba walaji wadogo wa aina hii, siliati wakiwa miongoni mwao, hutafuna zaidi ya nusu ya mazao ya vijimea vya baharini kila siku. Anayetaka kujua bahari itazalisha samaki wangapi hana budi kuwajua walaji hao kwa majina yao na kwa koo zao.

MAJINA YALIYOFUATA MAGAMBA

Kundi la siliati wa baharini linalojulikana zaidi ni lile la tintinidi. Jina hilo lina asili yake katika neno la Kilatini lenye maana ya kengele, kwani wengi wao huishi ndani ya gamba lenye umbo la kengele, bilauri au chungu chembamba. Wataalamu huliita gamba hilo lorika.

Tintinidi hujitengenezea gamba lake kwa utomvu anaoutoa mwilini. Baadhi hulibakisha likiwa laini na angavu kama kioo. Wengine hulibandika chembe za mchanga au vipande vya maganda ya mwani, mithili ya mwashi anayekandika ukuta kwa kokoto. Seli hujishikiza kwa kikonyo katika kitako cha gamba, na hatari inapotokea hujikunyata ndani kama konokono.

Magamba hayo hudumu, ilhali seli yenyewe huharibika haraka. Siliati wasio na gamba hupasuka mara tu wanapoguswa na wavu au dawa kali. Kwa sababu hiyo, watafiti wa zamani walikuwa na magamba mengi mezani lakini seli chache mno.

Mnamo 1929, Charles Kofoid na Arthur Campbell wa Chuo Kikuu cha California, Marekani, walichapisha kitabu kikubwa kilichoorodhesha mamia ya spishi za tintinidi. Uainishaji wao ulitegemea umbo la gamba: urefu wake, upana wa mdomo, matundu na mapambo yake. Hadi leo, takriban spishi 1,000 za tintinidi zimepewa majina, na nyingi zilielezwa kwa kuangaliwa gamba tu.

Waswahili husema nyumba njema si mlango. Methali hiyo ilithibitika mwaka wa 1977, pale mtafiti wa Ufaransa Michèle Laval-Peuto alipoeleza yaliyompata tintinidi aitwaye Favella ehrenbergii. Seli iliyopoteza gamba lake ilijijengea jingine, lakini gamba hilo jipya halikufanana na la kwanza. Lilikuwa na umbo ambalo vitabu vilikuwa vikilihesabu kuwa la jenasi nyingine kabisa, Coxliella.

Maana ya tukio hilo ilikuwa nzito. Kiumbe mmoja angeweza kuingizwa katika orodha mara mbili, kwa majina mawili, na katika koo mbili tofauti. Ni sawa na kumhesabu mtu mmoja mara mbili katika sensa kwa kuwa amehama kutoka nyumba ya makuti hadi nyumba ya mabati.

NDANI YA SELI

Suluhisho lililopendekezwa lilikuwa kuiacha nyumba na kumwangalia mwenyeji. Kazi hiyo ilihitaji mbinu mbili.

Ya kwanza ni kuitia seli rangi ya madini ya fedha. Mbinu hiyo, iliyoendelezwa kuanzia miaka ya 1920 na 1930, huzipaka nyeusi sehemu ambamo silia zimeota, na hivyo kuonyesha ramani kamili ya safu zake.

Ya pili ni hadubini ya elektroni, ambayo hutumia miale ya elektroni badala ya mwanga. Seli hugandishwa kwa kemikali, hutiwa katika utomvu unaokauka na kuwa mgumu, kisha hukatwa vipande vyembamba mno. Kipande kimoja huwa chembamba kuliko unywele wa binadamu mara elfu moja hivi.

Kinachoonekana humo ni ufundi wa kustaajabisha. Kila silia ina vijibomba vilivyopangwa kwa mpango usiobadilika: jozi tisa kuzunguka, na vijibomba viwili katikati. Mpango huohuo umo katika mkia wa mbegu ya kiume ya binadamu na katika vijinywele vinavyosafisha koo letu. Ni ushahidi kwamba babu wa pamoja wa viumbe hawa wote, aliyeishi zamani za kale, alikuwa nao tayari.

Kwa vile mpango huo ni wa wote, hauwezi kutenganisha ukoo mmoja wa siliati na mwingine. Tofauti zinazofaa ziko chini kidogo, kwenye shina la silia. Hapo hutoka riboni mbili za vijibomba, moja ikielekea upande na nyingine ikielekea nyuma, pamoja na uzi mmoja wa protini. Mielekeo ya nyuzi hizo, urefu wake na jinsi zinavyopishana hutofautiana kati ya ukoo na ukoo.

Denis Lynn, aliyekuwa mtaalamu wa siliati katika Chuo Kikuu cha Guelph nchini Kanada, alitoa hoja katika miaka ya 1970 na 1980 kwamba kadiri muundo unavyokuwa wa ndani na wa msingi, ndivyo unavyobadilika polepole zaidi katika mageuko. Umbo la mwili huweza kugeuka upesi kufuatana na chakula au mazingira. Mashina ya silia, kwa upande mwingine, hubaki yalivyo kwa mamilioni ya miaka, kama msingi wa nyumba ambayo kuta zake hukarabatiwa kila mara.

Hoja hiyo ndiyo iliyoongoza uainishaji mpya wa siliati ambao Lynn na mwenzake Eugene Small waliutoa mwaka wa 1981.

VIINI VIWILI KATIKA MWILI MMOJA

Sifa nyingine inayowatambulisha siliati ni kuwa na aina mbili za viini. Kiini kidogo huhifadhi urithi na hutumika wakati wa kujamiiana. Kiini kikubwa ndicho kinachoendesha shughuli za kila siku za seli.

Siliati wawili wanapoungana, hubadilishana sehemu za viini vyao vidogo. Baada ya hapo, kiini kikubwa cha zamani huvunjwavunjwa na kipya hujengwa kutokana na urithi uliochanganywa. Ni kama ofisi inayochoma nakala zake zote za kazi na kuchapa nyingine upya kutoka kwa hati asilia zilizofungiwa sandukuni.

Jinsi kiini kikubwa kinavyogawanyika pia imesaidia kupanga ukoo. Katika matawi mengi ya siliati, vijibomba vinavyosukuma mgawanyiko huwa ndani ya kiini hicho. Kwa wengine, mathalani jamaa wa Stentor, vijibomba huwa nje yake. Tofauti hiyo iliyoonekana kwa hadubini ya elektroni ililingana na mgawanyiko uliojitokeza jeni zilipochunguzwa.

Tintinidi na jamaa zao wanaoelea wamo katika tabaka liitwalo Spirotrichea. Katika tabaka hili, kiini kikubwa kinapojiandaa kugawanyika, mkanda mwembamba hupita ndani yake ukinakili vinasaba hatua kwa hatua. Aidha, vinasaba vyao hukatwakatwa kuwa vipande vifupi ajabu. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2013 kuhusu Oxytricha, ambaye ni wa tabaka hilohilo, ulionyesha kwamba kiini chake kikubwa kina takriban kromosomu 16,000, nyingi zikiwa zimebeba jeni moja tu. Binadamu ana kromosomu 46.

Uchunguzi wa siliati umeleta manufaa mbali na bahari. Siliati wa maji baridi aitwaye Tetrahymena ndiye aliyewawezesha watafiti kutambua muundo wa telomea, yaani ncha zinazolinda kromosomu zisichakae. Kazi hiyo ilituzwa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka wa 2009.

JENI ZATOA USHAHIDI

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, wataalamu walianza kusoma jeni moja iliyomo katika kila kiumbe chenye seli, ile inayosaidia kuunda ribosomu, karakana ya protini. Herufi za jeni hiyo zikilinganishwa, viumbe waliotengana hivi karibuni huwa na tofauti chache na waliotengana zamani huwa na nyingi.

Matokeo yalithibitisha sehemu kubwa ya yaliyosemwa na hadubini. Siliati wanaoelea waligawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza, linalojumuisha tintinidi, lina mafungu ya silia yaliyozunguka kinywa kama duara kamili. La pili, ambalo Strombidium ni mmoja wao, lina duara lenye mwanya. Tofauti hiyo ndogo ya kinywa ilionekana kuwa alama ya kweli ya nasaba.

Hata hivyo, jeni zilizua mashaka pia. Halteria, siliati wa maji baridi anayefanana sana na wale wa kundi la pili, alitokea mbali nao katika mti wa ukoo na kukaa karibu na jamaa wa Oxytricha. Miongoni mwa wataalamu wa maumbo, wapo walioona ugumu kukubali kwamba ufanano mkubwa kiasi hicho ungezuka mara mbili.

Tintinopsisi, wale wanaobandika mchanga kwenye magamba yao, nao walitawanyika. Waliokuwa wamewekwa katika jenasi moja waliangukia matawi mbalimbali. Kubandika mchanga, kwa maneno mengine, ni desturi inayopatikana katika koo kadhaa, wala si kitambulisho cha ukoo mmoja.

Wataalamu kama Sabine Agatha wa Chuo Kikuu cha Salzburg, Austria, wamekuwa wakiunganisha ushahidi wa aina zote tatu: gamba, muundo wa seli na jeni. Kazi hiyo huenda polepole, kwa sababu ni sehemu ndogo tu ya spishi zilizotajwa vitabuni ambazo seli zake zimechunguzwa kwa kina.

Wala gamba haliwezi kutupwa kabisa. Ndilo linaloweza kubaki mwambani baada ya mamilioni ya miaka. Katika miamba ya mwishoni mwa enzi ya Jura hupatikana visukuku vyenye umbo la kengele viitwavyo kalpionela. Vinafanana na tintinidi, lakini magamba yake ni ya chokaa, ilhali ya tintinidi wa leo hayajengwi kwa chokaa ya kujitengenezea. Bila seli ya kuchunguza, undugu wao ungali unabishaniwa.

JAMAA WA MALARIA NA NDIGANA

Pengine ufunuo uliowashangaza wengi ulihusu jamaa wa mbali. Chini ya utando wa nje wa siliati kuna vifuko bapa vilivyopangwa kama vigae, ambavyo huipa seli umbo na uimara. Wataalamu huviita alveoli.

Vifuko vya namna hiyo hupatikana pia katika makundi mengine mawili. La kwanza ni dainoflajelata, ambao baadhi yao husababisha bahari kugeuka nyekundu. La pili ni apikompleksa, vimelea ambao miongoni mwao wamo Plasmodium wa malaria na Theileria parva, anayeenezwa na kupe na kuua ng'ombe kwa ndigana kali katika Afrika Mashariki.

Mnamo 1991, ulinganishaji wa jeni za ribosomu ulionyesha kwamba makundi hayo matatu yana babu mmoja, na yakapewa jina la pamoja la Alveolata. Mwaka wa 2008, watafiti waliripoti kuwa makundi yote matatu yana jamii moja ya protini inayotegemeza vifuko hivyo.

Siliati anayeelea baharini na kimelea kinachopenya chembe nyekundu ya damu ya mtoto wamerithi, basi, kiunzi kimoja. Mmoja anakitumia kushikilia umbo lake anapoogelea. Mwingine anakitumia kama egemeo la mitambo inayomsukuma ndani ya seli anayoivamia. Kukijua kiunzi hicho kwa kiumbe asiye na madhara ni njia mojawapo ya kukielewa kwa yule anayeua.

MWIZI WA KLOROPLASTI

Kati ya siliati wote wa baharini, hakuna aliyezua mjadala zaidi ya Mesodinium rubrum. Anapozaliana kwa wingi huyafanya maji kuwa mekundu. Charles Darwin aliona maji ya namna hiyo karibu na pwani ya Chile mwaka wa 1835, na baadhi ya wataalamu wanaamini kwamba aliowatazama kwa hadubini yake walikuwa Mesodinium.

Picha za hadubini ya elektroni zilizotolewa mwishoni mwa miaka ya 1960 zilionyesha kwamba ndani yake mna kloroplasti, viungo vinavyotengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Kloroplasti hizo si zake. Huzinyakua kutoka kwa vijimwani viitwavyo kriptofaiti, baada ya kuvimeza. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2007 ulionyesha kwamba hunyakua hata kiini cha kijimwani na kukitumia kwa hadi siku 30 ili kuziendesha kloroplasti hizo.

Wizi hauishii hapo. Dainoflajelata aitwaye Dinophysis humfyonza Mesodinium na kumpokonya kloroplasti zilezile. Baadhi ya spishi za Dinophysis hutengeneza sumu inayokusanyika katika kome na chaza, na kuwaletea walaji maradhi ya kuharisha. Watafiti wa Korea Kusini waliripoti mwaka wa 2006 kwamba walifaulu kumfuga Dinophysis maabarani mara tu walipomlisha Mesodinium. Wanaolinda usalama wa vyakula vya baharini sasa wanajua kwamba kumfuatilia siliati huyo ni sehemu ya kumfuatilia mwenye sumu.

Nasaba ya Mesodinium nayo ni kitendawili. Kwa umbo, aliwekwa pamoja na siliati wawindaji wa tabaka la Litostomatea. Jeni yake ya ribosomu, iliyochapishwa mwaka wa 2004, ilionekana kuwa tofauti mno na ya siliati wengine. Baadaye ilibainika kwamba hata lugha yake ya vinasaba ni ya pekee: ishara mbili ambazo kwa viumbe wengi humaanisha "simama", kwake humaanisha "weka tirosini", mojawapo ya vijenzi vya protini.

KAZI ILIYOBAKI

Kati ya 2009 na 2013, meli ya utafiti Tara ilikusanya planktoni katika bahari nyingi za dunia, ikiwemo Bahari Hindi. Matokeo ya mwaka wa 2015 yalionyesha takriban makundi 150,000 ya viumbe wenye viini, na karibu thuluthi moja haikuweza kuhusishwa na kundi lolote linalojulikana.

Mbinu hiyo ya kusoma jeni moja kwa moja kutoka majini ni ya haraka, lakini ina sharti lake. Herufi za jeni huwa na maana pale tu zinapoweza kulinganishwa na kiumbe ambaye mtu amekwisha kumwona, kumchora na kumpa jina sahihi. Jina likiwa limekosewa katika kumbukumbu, kosa hilo hunakiliwa katika kila hesabu inayofuata.

Hilo lina uzito kwa mataifa yanayotegemea Bahari Hindi. Pepo za kusi zinapovuma, maji baridi yenye rutuba huibuka katika pwani ya Somalia na kustawisha planktoni. Jinsi mfumo huo utakavyoitikia ongezeko la joto la bahari itaonekana kwanza kwa viumbe wa seli moja, ambao huzaliana kwa siku au hata kwa saa, kabla ya kuonekana katika nyavu za wavuvi.

Kubaini mabadiliko hayo kunahitaji kujua kama siliati aliyepatikana mwaka huu ni yuleyule wa miaka iliyopita, au ni mgeni aliyejenga nyumba inayofanana na yake. Kwa spishi nyingi zilizo vitabuni, jambo hilo bado haliwezi kusemwa kwa uhakika hadi seli zao zitakapofunguliwa na kuchunguzwa.